Kabla ya kununua mashine ya rili, fungua kwanza sanduku la kanda

Kwaya ilianza vizuri. Sauti ya kwanza ikapanda, besi wakaipokea, na nyuma yao nikasikia mtu akisema maneno ambayo hayakuwa Kiswahili, wala Kimeru, wala Kiingereza. Nikadhani redio ya jirani imepenya ukutani. Nikarudisha kanda, nikasikiliza tena. Yule mtu bado yupo, anaongea kama anayemeza maneno badala ya kuyatoa. Ilinichukua jioni nzima kung'amua kwamba ni marehemu mjomba wangu, anahutubia kinyumenyume.

Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa rekoda ya kanda za rili, Revox A77 safi, iliyotunzwa, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Ulaya. Nilipoipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, kilo zake 15 zilinifanya nijione nimenunua kitu cha maana. Shida ni kwamba ilikuwa ya njia mbili (njia ni mistari ya sauti inayolala sambamba kwenye kanda), na kanda za mjomba zilirekodiwa kwa njia nne. Nilichagua jina la mashine kabla sijafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Siku hizi mtu akiniuliza achukue Akai au Revox, namuuliza kwanza kanda zake zina njia ngapi na zilirekodiwa kwa mwendo gani. Wengine hununa, walitaka kusikia habari za sauti tamu. Lakini mashine hizi Nairobi huzipati zimepangwa rafuni uchague. Ukiiona moja, ni hiyo, na ukikosea itakaa mezani kama jiwe mpaka umpate mwingine wa kukosea kama wewe.

Njia na mwendo

Kanda ya nyumbani ina upana wa milimita 6.35, yaani robo ya inchi. Rekoda za mono za zamani ziliugawa upana huo vipande viwili: unarekodi nusu ya juu, unageuza rili, unarekodi nusu iliyobaki. Baadaye watengenezaji wakaugawa mara nne ili kanda moja ibebe maradufu. Katika mpangilio huo njia ya 1 na ya 3 huenda upande mmoja, ya 2 na ya 4 hurudi upande wa pili. Mashine ya stereo ya njia nne husoma 1 na 3 kwa pamoja, moja spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Sasa chukua hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda, ya njia mbili, ambayo kila kipande chake ni kipana, uipitishie kanda hiyo: kipande cha juu kinasoma 1 na 2 kwa mpigo mmoja, na ya 2 inakwenda kinyume. Ndipo mjomba alipoingilia kwaya.

Kinyume chake hakina ajali kubwa. Hedi ya njia nne ikipita juu ya kanda ya njia mbili huchukua sehemu tu ya upana uliorekodiwa, mvumo wa chini chini ukapanda kidogo, basi. Kama kanda ni ya mono, sikiliza kushoto peke yake, maana kulia utapata upande wa pili ukirudi nyuma. Kwa hiyo ule ushauri wa wapenzi wa sauti kwamba njia mbili ni bora, ni wa kweli kwa anayerekodi upya: upana ukiwa maradufu unapata nafuu ya desibeli 3 hivi dhidi ya kelele. Kwa mrithi wa sanduku, ni ushauri wa kumpoteza. Mrithi anataka njia nne.

Kanda ya mono ya njia nne ukiiweka kwenye mashine ya stereo ina kituko chake pia. Kushoto harusi, kulia mahubiri, vyote kwa wakati mmoja. Usiogope, zima spika moja.

Halafu mwendo. Mashine za nyumbani zilitumia sentimita 19 kwa sekunde kwa muziki, 9.5 kwa mambo ya kawaida, na 4.75 kwa maneno matupu. Ile 38 ni ya studio na ya wachache wenye uwezo. Rili ya sentimita 18 yenye kanda nyembamba ya mita 550 hudumu dakika 48 kwa 19, na zaidi ya saa tatu kwa 4.75. Mara nne, kwa kuwa ni njia nne za mono, unakaribia saa 13 kwenye rili moja. Mwalimu wa shule ya msingi wa miaka ya 1970, aliyenunua kanda kwa mshahara wake, angetumia mwendo gani? Mjomba aliandika kwa penseli nyuma ya maganda ya BASF na Philips: "9.5", "9.5", "4.7", "4.7", "4.7".

Na hapo ndipo mashine za fahari zinapochujwa. A77 nyingi zina 9.5 na 19 tu. Akai GX-4000D, vivyo hivyo. Pioneer RT-707, vivyo hivyo. Zenye 4.75 ni zile ambazo wapenzi wa sauti huzipita bila kuziangalia mara mbili.

Kuna njia ya mkato, nayo haina aibu: cheza kanda ya 4.75 kwa mwendo wa 9.5, irekodi kwenye kompyuta, kisha uipunguze kwa nusu ndani ya programu kama Audacity. Sauti nyembamba hazitakaa sawasawa kabisa, kwa sababu kila mwendo una marekebisho yake, lakini maneno yanasikika. Nimeokoa kanda mbili hivyo. Tatizo ni kwamba wakati wa kucheza unasikia panya wakigombana, hujui kama kanda inakwaruza au iko salama, na kwa kanda ya miaka 50 mimi napenda kujua.

Stima ya Kenya si ya Marekani

Hili limewaumiza wengi, mimi nikiwemo. Stima yetu ni volti 240, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Marekani ni volti 120, hezi 60. Mtu anakwambia "mashine ni ya Marekani, lakini nimekununulia na transfoma yake". Transfoma inabadilisha volti. Hezi haizigusi.

Kwenye mashine ambazo mota ya kuvuta kanda hufuata hezi za umeme, hezi 60 zikiwa 50, kanda inakwenda kwa mwendo wa tano ya sita. Ni karibu nusu-toni tatu chini. Wanawake wa kwaya wanakuwa wanaume, wanaume wanakuwa ng'ombe. Nilikuwa na mashine ya namna hiyo kabla ya Revox, jina lake naliacha. Fundi mmoja mjini aliisikiliza dakika mbili akaniambia hedi zimechoka. Akataka kuzing'oa.

Hedi hazikuwa na neno. Kwenye mota kulikuwa na puli ndogo ya shaba, nami nikaichomoa, nikaifunga kwenye karatasi, nikaipeleka Kariobangi Light Industries kwa mzee mwenye mashine ya kuchonga chuma.

"Mzee, hii hapa puli ina milimita 10 mahali belti inapokaa. Nataka nyingine kama hii ila iwe 12."

"12 kamili?"

"12 kamili."

Akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Hii ni ya cherehani?"

"Ni ya rekoda, mzee. Ya kanda."

"Ah, za akina baba." Akacheka, akaichonga nikisubiri.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya 10 mara 60 gawa kwa 50. Nikaifunga nyumbani: bado kwaya iko chini kidogo, kitu ambacho asiye na sikio asingekigundua, ila kinanda cha kanisani kilikigundua. Belti ina unene, na unene huo huhesabiwa kana kwamba ni sehemu ya puli. Ikabidi nirudi, achonge nyingine ya 12.2. Mzee hakuchukua pesa ya mara ya pili.

Mashine zenye mota inayoongozwa na saketi yake yenyewe hazina habari na hezi. A77 ni hivyo, B77 ni hivyo, RT-707 ni hivyo. Hizo hata zikitoka Marekani zinahitaji transfoma tu, na nyingi za Revox zina kiteuzi cha volti mgongoni, ugeuze mpaka 240 umalize. Zinazofuata hezi ni Tandberg 3000X, Sony TC-377, Akai GX-4000D na Teac nyingi za mwanzo kama A-2300S. Za Ulaya zilizaliwa kwenye hezi 50, hazina wasiwasi. Za Japani angalia kwa makini: Tokyo wanatumia 50, Osaka 60, kwa hiyo mashine nyingi za huko zina namna ya kubadilishwa, ama swichi ama puli yenye ngazi mbili. Volti za Japani ni 100, na transfoma ya 240 kwenda 100 ndiyo ileile wanayotumia walioleta vyombo vya mtumba kutoka huko.

Revox A77 na B77

Nianze na hizi kwa sababu ndizo kila mtu anazitaja. A77 ilitoka Uswisi kwa Willi Studer mwaka 1967 na ikatengenezwa hadi 1977, B77 ilipochukua nafasi. Zote mbili zina mota tatu, hedi tatu, na hubeba rili kubwa za sentimita 26.5. Ndani ya A77 saketi zimepangwa kama madaftari kwenye rafu; unachomoa moja, unaitengeneza mezani, unairudisha. Fundi yeyote wa redio aliyezoea transista ataielewa, na vipuri vyake bado vinauzwa Ulaya kwa bahasha. Kwa mtu anayeishi mbali na kila kitu, hilo ni jambo kubwa kuliko sauti yake.

Udhaifu wake unajulikana. Kapasita za karatasi za Rifa hupasuka kwa uzee, na zikipasuka hutoa moshi mzito wenye harufu ya samaki aliyeungua, hata kama mashine haikuwa na kosa jana. Zibadilishe kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Ni kazi ya mchana mmoja. Pili, A77 haijui kama rili zimesimama. Ukiwa unarudisha kanda kwa kasi kisha ukabonyeza kucheza papo hapo, inaweza kuinyoosha kanda au kuikata. Bonyeza kusimamisha, subiri rili zitulie, ndipo ucheze. B77 ina akili ya kusubiri yenyewe. Kama nyumbani kuna watoto au wageni wenye mikono ya haraka, tofauti ya bei ya B77 inajilipa hapo.

Ila uliza, uliza, uliza: njia mbili au nne? Zote zilitengenezwa. Muuzaji asipojua, mwambie afunue kifuniko cha hedi na kumulika tochi. Kwenye hedi ya kuchezea utaona vipande viwili vidogo vyenye kung'aa. Vikiwa virefu na vimekaribiana, ni njia mbili. Vikiwa vifupi, kimoja juu kabisa na kingine chini kidogo ya katikati, ni njia nne. Angalia pia kama vile vishikizo viwili vya rili kubwa vipo. Watu huvipoteza wakihama, na kuvinunua peke yake ni maumivu.

Akai GX-4000D na Sony TC-377: mota moja

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi, kwa sababu zilikuwa za bei ya mtu wa kawaida. Zote ni za rili ya sentimita 18, njia nne, hedi tatu, na mota moja inayofanya kila kitu kwa magurudumu ya mpira, belti na vyuma vya kusukumana. Ukiifungua GX-4000D unaona ukoo wa vyuma, kila mmoja anamvuta mwenzake shati.

Fahari ya Akai ni hedi za GX, za feraiti, aina ya kauri yenye sumaku, iliyozungushiwa kioo. Haziliki. Kampuni ilizitangaza kuwa zinadumu saa 150,000, na sijawahi kushika moja yenye mfereji uliochimbwa na kanda. Kwenye mtumba hilo ni faraja, kwa sababu hedi iliyolika ndiyo kipuri usichoweza kumchongesha mzee wa Kariobangi. Lakini kioo ni kioo. Kikimeguka ukingoni, kwaheri. Zinapochakaa ni kwingine: kemu ya zinki inayosukuma vyuma vya ndani hupasuka yenyewe kwa uzee, grisi hugeuka gundi, na zile transista ndogo za 2SC458 huanza kukwaruza kama mtu anayekaanga vitunguu upande mmoja wa stereo. Transista ni kazi rahisi. Kemu inachongeka kwa shaba, kwa fundi mvumilivu.

Sony TC-377 haina fahari ya kioo, ingawa hedi zake nazo ni za feraiti, na kwa sura ni mashine ya mwalimu wa hesabu. Lakini ina mwendo tatu, 19, 9.5 na 4.75. Kwa sanduku la mjomba, hiyo moja inaishinda Akai papo hapo. Grisi yake pia hukauka. Ukikuta kitufe cha mwendo kimekwama, usilazimishe, utavunja plastiki. Ifungue, uoshe kwa spiriti, upake mpya.

Kati ya hizo mbili, nikiwa na kanda za 4.75 nachukua Sony. Nisipokuwa nazo nachukua Akai kwa ajili ya hedi. Sauti? Kwa 19 hutazitofautisha ukiwa sebuleni na basi linapiga honi nje.

Tandberg 3000X

Nina upendeleo hapa na ninaukiri. Tandberg ilikuwa kampuni ya Oslo, ikafilisika mwaka 1978, na 3000X ni ya miaka ya 1970: mota moja, rili za sentimita 18, mwendo tatu, na kijiti kimoja cha kuongozea mbele, kama gia ya gari. Kulia kwenda mbele, kushoto kurudi. Shangazi yangu wa miaka 70 na ushee aliielewa bila kuelekezwa.

Ujanja wake uko kwenye kurekodi. Ina hedi ya ziada inayosimama upande wa nyuma wa kanda na kuleta bayasi (mawimbi ya juu yasiyosikika yanayoisaidia kanda kushika sauti) kutoka huko, badala ya kuichanganya na sauti kwenye hedi ya kurekodia. Matokeo yake ni kwamba kwa mwendo wa 9.5 sauti nyembamba zinabaki, kiasi kwamba huoni sababu ya kutumia kanda mara mbili kwa 19. Kwa mtu anayenunua kanda mpya kwa bei ya leo, hilo lina uzito.

Kasoro zake: inatumia soketi za mviringo za DIN za pini 5, kwa hiyo huenda ukahitaji waya wa DIN kwenda RCA, zile plagi za kawaida za amplifaya, na waya wa hovyo huleta mvumo. Belti na gurudumu la mpira ni vya kubadilishwa, hakuna mjadala. Na ilitengenezwa kwa njia mbili na kwa njia nne, kwa hiyo rudi kwenye tochi.

Pioneer RT-707 na wenzake

RT-707 ilitoka mwaka 1977 hivi, imelala pana kama amplifaya, unaweza kuipanga na vyombo vingine. Mota tatu, na ile ya kuvuta kanda haina belti kabisa. Inacheza kwenda na kurudi yenyewe bila kugeuza rili, ingawa hurekodi upande mmoja tu. Kama kanda zako ni za muziki wa stereo wa 9.5 au 19 na unataka mashine ya kuweka sebuleni ikacheza jioni nzima, hii ndiyo. Haina 4.75, kwa hiyo mimi haikunifaa, lakini kwa uimara ningeiweka mbele ya Akai.

Teac A-3340S nimeiona kwa kijana mmoja wa muziki, karibu na River Road. Hiyo ni mnyama mwingine: njia nne zote zinakwenda upande mmoja, unarekodi ngoma leo, kesho unaongeza gitaa huku ukizisikiliza zile ngoma kupitia hedi ileile ya kurekodia ili zisipishane. Mwendo wake ni 19 na 38. Kwa sanduku la urithi haina kazi. Kwa bendi isiyotaka kompyuta, ni hazina, mradi uwe na nguvu za kuibeba na pesa za kanda, maana kwa 38 kanda ya mita 1,100 inaisha ndani ya dakika 48.

Za Philips, Grundig na Uher

Nyingi zilizosalia majumbani ni hizi. Grundig za TK zenye valvu zina sauti ya joto na joto lenyewe. Philips za miaka ya 1970 zina ugonjwa mmoja mbaya: belti zake huyeyuka zikawa kama lami, zikatapakaa kila mahali, na utazisafisha kwa spiriti na vijiti vya pamba mpaka kucha ziwe nyeusi wiki nzima. Ukipewa bure, chukua. Kununua, hapana, isipokuwa kama ndiyo iliyorekodi kanda zenyewe. Mashine iliyorekodi huwa inazisoma vizuri kuliko mgeni yeyote, kwa sababu hedi zake zimeegemea vilevile.

Uher 4000 Report ni ya begani, ya Munich, iliyoanza mwaka 1961, kipenzi cha waandishi wa redio. Ina mwendo nne hadi 2.4, na betri. Lakini rili yake haizidi sentimita 13. Pima rili zako kwanza.

Ukifika kwa muuzaji

Iwe ni madukani mtaa wa Luthuli, iwe ni nyumbani kwa mtu Lang'ata, nenda na kanda yako, ila isiwe ya thamani. Nenda na rili tupu pia, kwa sababu muuzaji hatakuwa nayo na atakwambia "inafanya kazi, bosi, ila rili imepotea". Bila rili ya pili hakuna jaribio.

Angalia plagi na kibandiko cha volti kabla ya kuchomeka. Peleka mbele kwa kasi hadi katikati, simamisha: rili zote zisimame bila kanda kulegea na kuning'inia. Ikining'inia, breki zimechoka. Gusa roli ya mpira inayobana kanda. Ikinata au ikiwa ngumu kama kigae, ni ya kubadilisha. Pitisha ukucha kwenye hedi. Ukikwama kwenye ukingo wa mfereji, punguza bei au ondoka. Mwisho, rekodi noti moja ndefu ya kinanda kwenye simu, iingize, kisha icheze. Noti ikitetemeka kama mtu anayeimba akiwa kwenye matatu, kuna belti, beringi au mpira wa kushughulikiwa.

Usinunue kwa ahadi ya "ni belti tu". Kama ni belti tu, angeiweka.

Kanda zenyewe

Kanda mpya zipo. Recording The Masters wanatengeneza Avranches, Ufaransa, na LPR35 yao ndiyo inayofaa mashine za nyumbani. ATR wanatengeneza Pennsylvania. Usafiri na ushuru utakufanya ufikirie mara mbili kabla ya kurekodi upuuzi.

Ukiuziwa kanda za mtumba, jihadhari na Ampex 456 na Scotch 226, na ndugu zao wenye mgongo mweusi usiong'aa wa kati ya miaka ya 1970 na 1990. Gundi yao hunywa unyevu, kanda ikawa inanata na kulia inapopita kwenye hedi. Zilizokaa Mombasa nazitilia shaka mara mbili. Dawa yake ni kuzipasha moto wa nyuzi 54 kwa saa 8 au zaidi kwenye kikaushio cha matunda chenye joto la kuaminika, si oveni ya jikoni, na nafuu ni ya muda tu, wa kutosha kunakili. BASF za mjomba hazina ugonjwa huo.

Lakini kanda za zamani zaidi, za plastiki ya asetati, usizipashe kamwe. Utazijua ukiinua rili mbele ya balbu: mwanga unapenya. Zikikatika hukatika mara moja, hazinyooki kwanza.

Mimi niliishia wapi? Revox yangu nilibadilishana na mwanamuziki aliyehitaji njia mbili za kukusanyia kazi yake, akanipa Tandberg ya njia nne na pesa kidogo juu. Kila mmoja aliondoka akidhani amemshinda mwenzake. Kama sanduku lako lina kanda tatu tu, usinunue chochote. Tafuta mtu mwenye mashine inayofaa, mnunulie chakula cha mchana, mnakili alasiri moja. Ukiwa na thelathini kama mimi, nunua yenye mwendo tatu.

Nimebakiza moja. Haina maandishi kwenye ganda, mwanga unapenya, na ukifungua mfuko inanuka siki, dalili kwamba asetati imeanza kuoza. Nimeitenga na nyingine, kwa kuwa hewa ya siki huziharibu zilizo jirani. Nitaicheza mara moja tu, kompyuta ikiwa tayari inarekodi, na kwa sasa nasubiri gurudumu la mpira lifike posta.